Sasisho la Saa Nne

Saa sita mchana Ruthu alikuwa bado kwenye kitanda alichofia. Walimfunika shuka hadi kidevuni na kumfunga taya kwa kipande cha khanga. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Alijifungua salama alfajiri ya Jumanne hiyo, saa nne na nusu asubuhi akashikwa na degedege la uzazi, na kabla ya saa tano alikuwa amekata roho. Mtoto wake wa kike alikuwa analia chumba cha pili mikononi mwa bibi yake.

Inspekta Yasinta Matonya alisimama mlangoni kwa muda kabla hajaingia. Yeye mwenyewe ni mzaliwa wa Bahi, na kituo hiki cha afya kimejengwa pembezoni mwa majaruba ya mpunga aliyoyapalilia utotoni. Alishaona maiti nyingi katika kazi yake, lakini vifo vya wodi ya wazazi alivichukia waziwazi, wala hakujali nani anamwona.

Kwenye sinia la chuma palikuwa na bomba kubwa la sindano na chupa mbili za dawa ya kuzuia degedege. Zote mbili tupu.

"Chupa mbili?" alimuuliza mganga mfawidhi, mzee Octavian.

"Hata moja haikutakiwa kwisha, afande. Hizi ni chupa kali, zililetwa mwezi wa sita. Dozi yake ni mililita nane. Mgonjwa amepewa ishirini. Kwa kiasi hicho pumzi inakata."

"Nani alimchoma?"

Mzee Octavian alionyesha kwa kidevu. Kwenye benchi la ukutani alikaa muuguzi kijana, mikono ameibana katikati ya magoti, sare yake bado ina mikunjo ya dukani.

"Jina lako?"

"Priska, afande."

"Una muda gani hapa?"

"Wiki tatu."

"Ulimpa kiasi gani?"

"Mililita ishirini."

"Nani alikuambia ishirini?"

"Mashine."

Yasinta aligeukia kompyuta iliyokuwa mezani. Siku hizi vituo vyote vya ukanda ule vina seva ndogo, kisanduku cheusi kinachokaa kabatini, na muuguzi akiandika jina la ugonjwa na uzito wa mgonjwa, kioo kinamwambia dozi. Mzee Octavian aliandika upya mbele yao. Kioo kikajibu: mililita nane.

"Andika tena," alisema Yasinta.

Nane.

"Asubuhi ilisema ishirini," alisema Priska. Hakupandisha sauti. "Niliisoma mara mbili."

"Chuoni mlifundishwa ngapi?"

Priska alisita. "Ishirini. Ila chuoni tulitumia zile chupa za zamani."

Mzee Octavian akashusha pumzi, na kila aliyekuwemo chumbani akaelewa. Binti alikuwa amejitia kitanzi mwenyewe. Mwanafunzi wa juzi kachanganyikiwa, kakumbuka somo la chuo, kadunga, na sasa anaisingizia mashine.

Nje, mume wa marehemu alikuwa amesimama juani. Aliitwa Batholomeo, mkulima, na hakuwa analia.

"Afande, mtu akikosea aseme nimekosea," alisema. "Ningeweza kumsikiliza. Lakini kusema ni mashine, hapana. Mashine haikuingia pale na sindano."

Alimchukua Priska kwenye gari, akampeleka mahabusu Dodoma mjini, na jalada likafunguliwa: kuua bila kukusudia. Mwendesha mashtaka alilitaka mezani kwake baada ya siku tisa.

Jalada jepesi namna hiyo lingemfurahisha mpelelezi mvivu. Yasinta halikumpa usingizi. Siku ya tatu alirudi Bahi, akaomba daftari la wodi, akasoma mstari kwa mstari kwa ukucha. Jumatatu, siku moja kabla ya kifo, mama mwingine aitwaye Anyesi alipata degedege lile lile. Mhudumu: Priska. Dozi: mililita nane. Anyesi alikuwa nyumbani kwake ananyonyesha.

Alimwita Priska kutoka mahabusu.

"Jumatatu ulitoa nane. Kwa nini?"

"Mashine ilisema nane."

"Na Jumanne?"

"Ilisema ishirini. Nilishangaa kidogo, afande, nikadhani labda wamebadilisha. Huwa wanabadilisha kutoka Ihumwa, kwa wenye mfumo. Na tulishaonywa kwa barua: usiyefuata mashine, jieleze kwa maandishi."

"Kwa nini hukumuuliza mzee Octavian?"

"Alikuwa kwenye kikao cha kijiji. Na mama alikuwa anatikisika kitanda kizima."

Yasinta alifunga daftari. Mtu hawezi kusahau chuo Jumatatu halafu akakikumbuka Jumanne. Kama binti huyu alisema kweli, basi kuna mtu aliiambia mashine ishirini, kisha akaiambia nane. Na mashine haina daftari la kusoma kwa ukucha. Alihitaji mtu anayejua kuisoma, ndipo akamwomba Rukia, koplo wa kitengo cha uchunguzi wa kidijitali.

Siku ya tano waliingia Ihumwa. Wakala wa Mifumo ya Vituo una jengo jipya upande wa reli, bado linanuka rangi. Mkuu wa kitengo cha usambazaji, Cornel, aliwapokea mlangoni. Alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi hadi mikono, mwenye adabu ya kumvutia mgeni kiti.

"Poleni sana na ule msiba," alisema. "Sisi hapa tumeumia. Kijana mdogo vile, kukosea namna ile."

"Tueleze kazi yenu inavyokwenda," alisema Yasinta.

Alieleza vizuri, kama mwalimu. Hapo Ihumwa iko seva kuu. Wenyewe wanaiita mama. Mkoani na mikoa jirani ziko seva arobaini na moja, moja kila kituo. Programu ikibadilika, hakuna anayezunguka na gari. Sasisho linawekwa kwa mama, na kila seva inakuja yenyewe kulichukua, inaliweka, inafuta la zamani, kisha inarudisha taarifa. Lakini kabla halijatoka lazima lipite kwa watu wawili: mmoja analiandaa na kuweka saini kwa kadi yake, mwingine analithibitisha kwa yake. Halafu linajaribiwa kwenye kituo kimoja siku tatu, ndipo linasambazwa kote.

"Jumanne mlisambaza?"

"Moja tu. Saa nne na dakika hamsini na mbili asubuhi. Mgonjwa alichomwa saa ngapi?"

"Saa nne na dakika arobaini."

"Unaona, afande. Sisi tulikuja baada yake. Na jedwali letu la dozi linasema nane."

Rukia alipewa nakala ya kumbukumbu za seva kuu, akazikagua palepale. Ilikuwa kama Cornel alivyosema. Jumanne, sasisho moja.

Yasinta alikuwa anatazama ukuta. Kioo kikubwa kilionyesha ramani ya vituo vyote, kila kimoja na taa yake. Zote za kijani, isipokuwa moja, juu kabisa, upande wa Kondoa.

"Ile nyekundu?"

"Kolo," alisema Cornel, akacheka kidogo. "Hiyo isikusumbue. Muuguzi wa kule akiona wingu anachomoa kila kitu ukutani. Safari hii amezima, halafu radi ikapiga mnara wa simu, kwa hiyo hatumpati. Fundi wetu ametoka leo asubuhi na antena ya setilaiti. Kufikia jioni itakuwa kijani."

Waliaga. Kwenye gari Rukia hakufunga hata mkanda.

"Afande, ile ya Kolo imezimwa tangu lini?"

"Alisema tangu radi."

"Nimeona kwenye kumbukumbu. Taarifa yake ya mwisho ni Jumanne, saa nne na dakika ishirini na tano. Kama kulikuwa na sasisho jingine kabla ya lile walilotuonyesha, seva zote arobaini zilikwisha lifuta zilipopokea jipya. Kwa mama anaweza kulifuta mtu kwa mkono. Lakini Kolo ilikuwa imelala. Kilichokuwamo saa nne na nusu bado kimo."

"Na fundi akiiwasha?"

"Itamuuliza mama kuna nini kipya. Italichukua, itafuta la zamani. Dakika mbili tu."

Yasinta aligeuza gari palepale barabarani, akashika njia ya Kondoa. Alipiga simu Kolo mara tano na mara tano hakupata kitu. Ni mwendo wa saa mbili na zaidi, na katika mwendo huo wote alikuwa akimwona Priska kwenye lile benchi. Alianza kuogopa, na alimwambia Rukia hivyo.

Walifika saa tisa. Mbele ya kituo, kwenye kibaraza, alikaa kijana mwenye fulana ya Wakala, waya mabegani, uso umejaa hasira. Mlangoni, juu ya kigoda, alikaa mama mnene wa miaka hamsini na kitu, funguo ziko mapajani. Nyuma ya vilima vya mawe wingu lilikuwa limesimama, jeusi, linanguruma polepole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kama na wewe umekuja kuwasha, kaa hapo na mwenzako. Mvua ikipita nitafungua."

"Nimemwambia mimi ni wa Wakala," alisema kijana, aliyejitambulisha kwa jina la Fredy. "Barua ninayo. Nipo hapa tangu saa sita."

"Barua haizuii radi," alisema mama, bila kumtazama. Aliitwa Emiliana, na alikuwa na miaka kumi na tisa katika kituo hicho. "Mwaka juzi iliniunguzia friji ya chanjo. Nikaandika maelezo mara tatu kama mwizi. Tangu hapo mbingu ikikohoa, mimi nachomoa. Jumanne ile nilichomoa mpaka redio."

Yasinta alicheka kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze. Kisha akamshika mama yule mkono kwa mikono yote miwili, akamweleza wao ni akina nani.

Rukia hakuiwasha seva. Aliifungua mbele ya Emiliana na Fredy kama mashahidi, akatoa diski, akaipiga nakala kwenye kifaa chake, akaandika hati ya ukamataji wakasaini wote. Halafu akafungua nakala ile kwenye kompyuta yake. Mvua ilikuwa imeanza kupiga bati, ikambidi apaze sauti.

"Lipo, afande. Limesambazwa Jumanne, saa nne kamili. Jedwali la dozi ni la mwaka jana, la zile chupa za zamani. Degedege la uzazi, mililita ishirini."

Yasinta alikaa kwenye kitanda cha wagonjwa. Binti alisema kweli tangu mwanzo, naye alimfungia mahabusu. Aliona aibu.

"Saini?"

"Mbili. Aliyethibitisha ni Cornel. Aliyeandaa ni Ritha."

Ritha walimpata asubuhi ya pili, mhandisi wa miaka thelathini, msaidizi wa Cornel. Aliingia chumba cha mahojiano akiwa amevaa nguo nyeusi.

"Jumanne ulikuwa wapi?"

"Mpwapwa. Msibani kwa shangazi yangu. Niliondoka Jumatatu."

"Uliandaa sasisho lolote kabla ya kuondoka?"

"Hapana, afande."

"Saini yako ipo. Jumanne, saa nne kamili."

Ritha alipapasa shingoni, mahali kadi huning'inia.

"Kadi yako ilikuwa wapi?"

"Kwa mkuu."

"Kwa nini?"

"Wote huwa tunamwachia. Mtu akipata msiba, kadi inabaki kwenye droo ya mkuu, ili kazi isisimame."

"Kanuni zenu zinasemaje?"

"Kadi isitoke kwa mwenyewe hata dakika moja." Alianza kulia. "Lakini yule ni mtu mzima, afande. Ndiye aliyenipokea kazini, ndiye aliyetoa gari linipeleke msibani. Ananiambia, mwanangu, niachie kadi uende ukazike. Ningemwambia hapana kwa mdomo gani?"

Hapo Yasinta alielewa kanuni ya watu wawili ilivyokufa kifo cha kimyakimya pale Ihumwa. Hakuna aliyeivunja kwa ubaya. Ilivunjwa kwa heshima na kwa rambirambi, msiba baada ya msiba, mpaka kadi zote zikawa droo moja.

Kabla ya kumkamata Cornel, Rukia alileta jambo jingine. Alikuwa amelichunguza lile sasisho la pili, la saa nne na dakika hamsini na mbili, lenye dozi sahihi.

"Hiyo ndiyo saa lilipotoka," alisema. "Lakini kila sasisho hubeba ndani yake saa lilipotengenezwa. Hili lilikuwa tayari saa nne na dakika kumi na nne."

Yasinta alihesabu kwa vidole, akahesabu tena. Alitoka nje akasimama uani kwa muda, kwa sababu hakutaka Rukia amwone alivyokasirika.

Cornel alikuja na shati lililopigwa pasi. Yasinta alimpa onyo la kisheria, akamweleza haki zake. Akaweka mezani karatasi ya Kolo.

"Hili ni nini?"

Cornel aliisoma. Aliweka kidole kwenye neno Kolo.

"Nilidhani imefutika kote," alisema.

"Nani aliliandaa?"

"Mimi. Kwa kadi ya Ritha. Yeye hana kosa, andika hivyo."

"Kwa nini hukulijaribu siku tatu?"

"Tulikuwa na wageni Jumanne. Wakubwa. Wao ndio wangeamua mfumo huu uende nchi nzima au ufe. Niliwaahidi kwamba mbele ya macho yao sasisho litafika vituo vyote kabla ya nusu saa. Miaka saba, afande. Miaka saba natukanwa kwenye vikao kwamba mtandao wa Ihumwa haufiki hata Bahi. Ritha hayupo, nikaandaa mwenyewe haraka haraka. Nikachukua jedwali kutoka folda ya mwaka jana."

"Uligundua lini?"

"Mapema."

"Saa ngapi?"

"Saa nne na dakika kumi hivi. Mgeni mmoja aliuliza ndani ya sasisho kuna nini. Nikafungua kuwaonyesha. Likatokea jedwali la dozi, kwenye kioo kikubwa. Nikaona ishirini. Wao walikuwa wanatikisa vichwa kwa kukubali tu. Walilipenda."

"Ukafanya nini?"

"Nilikaa kwenye kompyuta ya pembeni, nikatengeneza lililo sahihi. Dakika tatu, nne."

"Saa nne na dakika kumi na nne lilikuwa tayari."

Cornel alishtuka. Hakujua kwamba wanajua.

"Lilitoka saa nne na hamsini na mbili," alisema Yasinta. "Ruthu alichomwa saa nne na arobaini. Dakika zote hizo lilikuwa linasubiri nini?"

"Wageni waende chai."

"Rudia."

"Taa zilikuwa bado zinawaka, afande. Zilikuwa zinageuka kijani moja moja, wanazihesabu. Ningetoa jipya wakati ule, zote zingerudi manjano, mbele yao. Wangeuliza kuna nini. Nikasema ngoja zifike zote, waende chai, nitoe kimyakimya. Nikajiambia, saa moja tu. Nani atapata degedege ndani ya saa moja?"

"Na simu? Namba za vituo unazo?"

"Zipo ukutani, nyuma ya kiti changu. Zote arobaini na moja. Ningepiga, wageni wangesikia. Nilikaa nao. Bahi ilipogeuka kijani nilikuwa naeleza kuhusu seva. Mmoja akapiga makofi, na wengine wakafuata. Na mimi nilipiga."

Yasinta aliacha kalamu.

"Jioni ile ulisikia mtu amekufa Bahi kwa dozi ya ishirini."

"Nilisikia."

"Ukafuta kumbukumbu, ukamwacha muuguzi akae ndani."

"Nilidhani watamhamisha tu. Ni kijana, ana maisha mbele." Alijisikia anavyosema, akaomba kalamu.

Alisaini maelezo yake kila ukurasa, kwa mwandiko mzuri. Alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia na kuharibu ushahidi.

Siku ya nane, mchana, Yasinta alikwenda mahabusu mwenyewe na hati ya kumwachia Priska. Angeweza kumtuma askari, lakini aliona ni deni lake. Nje ya lango alimpita Batholomeo, ambaye alikuwa amekwisha elezwa, amekaa chini ya ukuta na mtoto mapajani. Alisema anamsubiri yule muuguzi. Alipoulizwa kwa nini, alisema hajui, ila aliona si vizuri atoke asikute mtu.

Priska alikuwa amekonda. Yasinta alimwomba radhi bila kuzungukazunguka, kisha akamsomea alichosema Cornel, kwa sababu binti aliomba asomewe. Alisikiliza yote, saa kwa saa, jedwali kwenye kioo kikubwa, wageni, chai. Hakulia. Walipofika kwenye orodha ya namba za simu ukutani alimkatiza.

"Ya kwetu ipo?"

"Ipo. Na ya kwako ipo chini yake, iliongezwa ulipoanza kazi."

Priska alivaa viatu vyake taratibu, akafunga kamba za kimoja, akakaa na kingine mkononi.

"Simu nilikuwa nayo mfukoni, afande," alisema. "Ningepokea."